Daktari wa Wanyama Anajibu: Hii homoni ni ya farasi au ya sindano?

Toleo lililopita niligusia kidogo habari ya farasi wa mbio na homoni wanazodungwa ili wakimbie kupita uwezo wao. Barua zilizonifikia baada ya hapo nyingi zimetoka kwa watu wanaoshika hatamu kila siku, si watazamaji tu, kwa hiyo safu nzima ya leo nawaachia wao.

SWALI: Shikamoo Daktari. Mimi ni kijana wa Kilifi, nafanya kazi ya usaisi Dubai. Majuzi farasi ninayemtunza alishika nafasi ya pili, tukaitwa kwenye banda la vipimo. Wakachukua mkojo na damu, nami nikatia sahihi karatasi. Mwenzangu mmoja Msudani akaniambia wanatafuta testosteroni, ile homoni ya kiume. Sasa nauliza: farasi si ana testosteroni yake mwenyewe aliyoumbwa nayo? Watajuaje hii ni yake na hii ni ya kudungwa? Na ile karatasi niliyotia sahihi ilikuwa ya nini?
Saisi, Dubai

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na karatasi, maana hiyo inakuhusu wewe mwenyewe.

Banda la vipimo nalijua. Farasi anaingia jasho bado linamtiririka, anamwagiwa maji, anatembezwa mpaka apoe, kisha anapelekwa kwenye chumba kilichotandikwa majani makavu mengi. Saisi anaanza kupiga mluzi wa polepole, ule ule aliomzoesha tangu akiwa mdogo, na mtu wa sampuli anasimama ubavuni ameshika kikombe chenye mpini mrefu. Farasi mwingine anakojoa mara moja, mwingine mnapiga mluzi mpaka midomo inakauka na mwisho wanaridhika na damu ya mshipa wa shingo. Mkojo unagawanywa katika chupa mbili, A na B. Zinafungwa kwa lakiri mbele yako, na juu yake hakuna jina la farasi wala la mwenyewe, ni namba tu. Sahihi yako inasema kwamba umeona chupa safi zikifunguliwa, umeona zikifungwa, na namba za kwenye lakiri ndizo zilizoandikwa kwenye fomu. Chupa A ikitoa majibu mabaya, mwenye farasi ana haki ya kudai B ifunguliwe na kupimwa. Kwa hiyo siku nyingine usitie sahihi huku unaangalia simu. Soma namba moja moja. Ukiona lakiri imelegea, sema hapo hapo kabla hujashika kalamu.

Sasa testosteroni. Ni kweli farasi anayo, na ndiyo maana kipimo cha homoni hakiwezi kuwa sawa na kipimo cha dawa ya kutuliza maumivu. Dawa ya kigeni ikionekana, imeonekana. Kwa homoni, maabara inapaswa kuuliza imetoka wapi.

Kwa farasi aliyehasiwa jibu ni jepesi kidogo. Korodani hana, kwa hiyo testosteroni yake ni ile inayotoka kwenye tezi zilizo juu ya figo, nayo ni haba sana. Shirikisho la Kimataifa la Mamlaka za Mbio za Farasi limeweka kikomo cha nanogramu 20 kwa kila mililita ya mkojo wake. Nanogramu ni sehemu moja ya bilioni ya gramu. Kwa farasi jike kikomo ni nanogramu 55, isipokuwa akiwa na mimba, kwa sababu mimba yenyewe humpandishia homoni hizo bila mtu kumgusa. Dume kamili hana kikomo cha namna hiyo. Korodani zake zinatoa nyingi, zinapanda na kushuka kufuata majira, na ukisema kiasi hiki kimezidi utamwonea mmoja na kumwachia mwingine.

Kwa dume, basi, wataalamu wakaacha kutazama wingi wakatazama umbo. Testosteroni inayouzwa ndani ya kichupa mara nyingi haiwi tupu. Kiwandani huunganishwa na asidi fulani, ikawa testosteroni propioneti, au enantheti, au nyingine za ukoo huo, ili ikae kwenye msuli na kutoka kidogo kidogo kwa siku nyingi. Kiunganishi hicho kinaitwa esta. Mwili wa farasi hautengenezi testosteroni yenye esta ya namna hiyo. Ikionekana, mjadala umekwisha, hata kama kiasi chenyewe ni kidogo kama vumbi. Tabu ni kwamba kwenye damu esta hukatika upesi, na kwenye mkojo hazionekani. Mahali zinapokaa ni kwenye singa. Unywele unapoota hubeba kilichokuwa ndani ya damu siku ile, na singa za shingoni huota takriban sentimita 2 kwa mwezi. Fungu la singa la sentimita 20 lililokatwa karibu na ngozi lina habari za miezi kumi hivi. Maabara huziosha kwanza ili kuondoa kilichoshikamana kwa nje, kisha huzikata vipande vipande, na kila kipande kina mwezi wake. Ukiona siku moja mtu anakuja bandani na mkasi badala ya kikombe, ujue anachotafuta.

Kwa homoni ya ukuaji hila iligunduliwa kwa namna nyingine. Homoni ya ukuaji ya farasi iliyotengenezwa kwa bakteria ilifanana na ya asili kiungo kwa kiungo, ila ilibeba kiungo kimoja cha ziada mwanzoni mwa mnyororo wake, amino asidi iitwayo methionini. Mashine inayopima uzito wa molekuli, spektromita, inautambua mnyororo huo kwa uzito wake. Homoni yenyewe hupotea kwenye damu baada ya siku chache tu, kwa hiyo maabara ya mbio za farasi ya Ufaransa, iliyoko Verrières-le-Buisson karibu na Paris, ilifanya kazi kubwa ya kutafuta pia alama zinazobaki nyuma: kingamwili ambazo mwili wa farasi hutengeneza dhidi ya homoni ya kiwandani, na homoni nyingine iitwayo IGF-1 ambayo hupanda homoni ya ukuaji ikishaingizwa.

Mwanangu, una haki ya kujua kila kinachoingia kwenye mwili wa farasi unayelala naye ukuta kwa ukuta. Mwombe mkubwa wako akuonyeshe kitabu cha dawa cha banda. Kitu kisichoandikwa humo usikidunge, hata ukiambiwa ni vitamini.

SWALI: Habari Daktari. Huku kwetu tumezoea kusikia mwanariadha amenaswa na EPO, ile homoni ya kuongeza damu, tangu Rita Jeptoo mwaka 2014 hadi Jemima Sumgong mwaka 2017. Farasi naye ana figo na uboho kama sisi. Je, EPO inamfanyia kazi ile ile? Na kipimo ni kile kile?
Msomaji, Eldoret

JIBU: Kazi inaanza vile vile. Oksijeni ikipungua, figo hutoa EPO, EPO huenda kwenye uboho na kuuamuru utengeneze chembe nyekundu za damu. Hapo farasi na mkimbiaji wa Iten ni ndugu. Wanapoachana ni kwenye bandama.

Bandama la farasi ni ghala la damu. Akiwa ametulia zizini, chembe nyekundu huchukua kama asilimia 40 ya damu yake. Akishtuka, au akianza kukimbia, bandama linajikamua na kumwaga akiba yake, na asilimia hiyo inapanda kupita 60 kwa muda mfupi sana. Mwanadamu akifika huko yuko hatarini. Farasi ndivyo alivyoumbwa kukimbia. Ndiyo maana pasipoti ya damu inayotumika kwa wanariadha, inayofuatilia hesabu za damu mwaka hadi mwaka, kwa farasi haikusaidii kiasi hicho. Mshtue tu mlangoni, na hesabu imeshabadilika wakati sindano ya kuchukulia damu bado iko kwenye mfuko wake.

Kipimo nacho ni tofauti. EPO ya dawa hutengenezwa kwa chembe za hamsta zilizopandikizwa jeni ya binadamu, kwa hiyo sukari zinazoning'inia juu yake si sawasawa na zile zinazowekwa na mwili wa mtu. Kwa mwanariadha, maabara huitandaza homoni kwenye jeli na kuivuta kwa umeme. Ya asili inasimama mahali pake, ya dawa inasimama pengine. Kwa farasi kuna nafasi nzuri zaidi, kwa kuwa mnyororo wa EPO ya binadamu haulingani na wa farasi. Maabara huinasa homoni kutoka kwenye damu, huikata kwa kimeng'enya, halafu hutafuta vipande ambavyo farasi hawezi kuvitengeneza. Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walichapisha njia ya kuthibitisha kwa namna hiyo EPO ya binadamu na ndugu yake darbepoetini katika damu ya farasi. Kabla ya hapo mtu angeweza kushukiwa, lakini ushahidi wa kusimama mbele ya kamati ulikuwa mgumu kupatikana.

Kilichobaki kigumu ni muda. Homoni inaondoka kwa siku chache, ilhali chembe nyekundu za farasi huishi takriban miezi mitano. Anayemdunga wiki mbili kabla ya mbio anaingia uwanjani na faida bila alama. Dawa ya hilo ni moja tu, kumpima farasi nyumbani kwake bila taarifa.

Na hapa naomba msomaji anisikilize vizuri. Wauzaji wa EPO hawasemi kwamba mwili wa farasi huiona homoni ya binadamu kuwa adui. Hutengeneza kingamwili za kuipinga, na kingamwili hizo huenda zikageukia EPO yake mwenyewe. Uboho ukikosa amri, hautengenezi tena. Farasi ufizi unapauka, anakataa chakula, anachoka kwa kutembezwa tu, na wako waliokufa kwa upungufu huo wa damu. Mtu aliyetaka kumwongezea damu amemmalizia damu.

Wengine walipoona EPO inanaswa wakahamia kwenye chumvi za kobalti, ambazo huudanganya mwili ukadhani oksijeni imepungua ili figo zitoe EPO zenyewe. Kobalti kidogo iko kwenye chakula na kwenye vitamini B12, kwa hiyo nayo imewekewa kikomo, nanogramu 100 kwa mililita ya mkojo. Farasi aliyezidishiwa hutetemeka, hutokwa na jasho na shinikizo la damu humpanda. Niseme wazi kwamba mtu anayemwekea mnyama kobalti mshipani simhesabu katika watu wa farasi.

SWALI: Assalaam alaykum Daktari. Mjomba wangu anafuga farasi wa Kiarabu. Anasema dume yeyote akipimwa atakutwa na nandroloni, ile steroidi ya kujenga misuli, hata kama hajaguswa na sindano. Ni kweli, au anatafuta kisingizio?
Msomaji, Muscat

JIBU: Waalaykum salaam. Mjomba wako amesema kweli. Tangu miaka ya 1980 inajulikana kwamba korodani za farasi hutengeneza nandroloni zenyewe. Kwa hiyo kwa dume maabara hupima kitu kingine kinachotokana nayo, estranedioli, ambacho kikomo chake ni nanogramu 45 kwa mililita ya mkojo. Boldenoni nayo, steroidi nyingine, dume anayo kidogo, kikomo nanogramu 15. Lakini mwambie mjomba kwamba utetezi huo unaishia hapo. Kwa farasi aliyehasiwa boldenoni haina kikomo cha kumkinga. Na stanozololi, steroidi ya kiwandani, haina farasi wala jinsia inayoitengeneza. Chembe yake moja ikithibitishwa imetoka kwenye chupa.

SWALI: Daktari, mimi ni mpenzi wa mbio za Ngong kwa miaka mingi. Kama maabara zina akili yote hiyo unayoisifu, ilikuwaje Godolphin wakakutwa na farasi kibao wenye steroidi, na wale Wamarekani wakashinda mamilioni kabla hawajakamatwa?
Msomaji, Nairobi

JIBU: Ni swali la haki, na visa hivyo viwili havifanani.

Tarehe 9 Aprili 2013 maofisa wa Mamlaka ya Mbio za Farasi ya Uingereza waliingia katika mabanda ya Moulton Paddocks, Newmarket, wakachukua sampuli za farasi 45 wa mkufunzi wa Godolphin, Mahmood Al Zarooni. Kumi na mmoja walikutwa na steroidi, etilestranoli au stanozololi. Kabla ya mwezi kwisha Al Zarooni alikuwa amefungiwa miaka 8. Maelezo yake yalikuwa kwamba alidhani si kosa maadamu farasi hao hawakuwa katika mashindano wakati ule. Sheikh Mohammed, mtawala wa Dubai na mwenye farasi wa Godolphin, aliamuru mabanda yale yafungwe mpaka farasi wote wapimwe, na wengine wakaongezeka. Mmoja wao alikuwa Encke, aliyeshinda mbio za St Leger mwaka 2012 na kumnyima farasi Camelot taji la mbio tatu kuu za Uingereza, 2000 Guineas, Derby na St Leger, ambalo halijachukuliwa na farasi tangu Nijinsky mwaka 1970. Siku ya St Leger vipimo vya Encke vilikuwa safi. Mimi simwiti mwizi kwa mbio zile, kwani hakuna ushahidi. Lakini kisa chake kinaonyesha kipimo cha siku ya mbio kinajibu nini na hakijibu nini. Kilichowanasa ni kwenda bandani.

Waingereza walijifunza. Tangu mwaka 2015 farasi wao hapaswi kupewa steroidi za kujenga misuli maishani mwake mwote, na akikutwa nazo hakimbii kwa miezi 14. Wengine waliona miezi 14 ni ukatili kwa mwenye farasi asiye na hatia. Naiunga mkono. Msuli uliojengwa na steroidi hauondoki siku dawa inapotoka kwenye mkojo, na farasi wale 11 wa Newmarket walikuwa wamefungiwa miezi sita tu.

Kisa cha Marekani ni kizito zaidi. Tarehe 9 Machi 2020 waendesha mashtaka wa New York walitangaza mashtaka dhidi ya watu 27, wakufunzi, madaktari wa wanyama na wasambazaji wa dawa. Miongoni mwao walikuwa Jorge Navarro na Jason Servis. Farasi wa Servis, Maximum Security, alikuwa amewahi mbele katika mbio za kwanza za Saudi Cup siku 9 tu kabla ya hapo, na zawadi yake ikazuiliwa. Hawa hawakunaswa na maabara. Walinaswa na simu zao, kwa sababu FBI ilikuwa inasikiliza. Dawa zilikuwa zimetengenezwa kwa makusudi zisionekane kwenye vipimo, na aliyezitengeneza, Seth Fishman, ni daktari wa wanyama. Alihukumiwa miaka 11. Navarro alipata 5, Servis 4.

Navarro alikuwa na farasi aitwaye X Y Jet, wa rangi ya kijivu. Mwaka 2019 alishinda mbio za Golden Shaheen kwenye uwanja wa Meydan, Dubai. Januari 2020 alikufa, na Navarro akatangaza kuwa ni moyo. Baadaye mbele ya mahakama Navarro alikiri kuwa alikuwa akiwapa farasi wake dawa hizo za kuongeza damu. Mimi ni daktari wa taaluma ile ile ya Fishman. Nilikula kiapo cha kumponya mnyama asiyeweza kusema, na nikisoma kesi ile nasikia aibu ambayo siwezi kuieleza vizuri kwenye safu hii.

Kwa hiyo, ndugu yangu, maabara peke yake haitoshi, na wanaofanya kazi humo wanalijua hilo. Siku hizi sampuli huhifadhiwa kwenye baridi kali ili zipimwe tena njia mpya ikipatikana, na Marekani tangu Mei 2023 ina mpango mmoja wa kitaifa wa kupambana na dawa hizo katika mbio za farasi za majimbo mengi, badala ya kila jimbo kuwa na sheria yake. Anayedunga leo akitegemea kwamba kipimo hakijagunduliwa, chupa yake imelala kwenye friji inasubiri.

SWALI: Shikamoo Daktari. Mimi ni dada wa Kitanzania, nafanya kazi kwenye banda la farasi jike huku Sharjah. Kila asubuhi nawatia mdomoni dawa ya mafuta, naambiwa ni homoni ya kuwazuia wasiingie joto. Je, hii si ile ile iliyopigwa marufuku? Na mwezi huu siku zangu hazijaeleweka.
Msomaji, Sharjah

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umefanya vizuri kuandika. Kwa maelezo yako hiyo ni altrenogesti. Katika baadhi ya nchi inaruhusiwa kwa farasi jike na imekatazwa kwa madume, kwa hiyo mwombe daktari wa banda akuonyeshe kanuni ya hapo ilivyoandikwa.

Linalonihangaisha ni wewe. Dawa hiyo hupenya kwenye ngozi nzima isiyo na kidonda, na kuvurugika kwa siku za mwanamke ni katika madhara yanayojulikana. Mwanamke mwenye mimba, au anayehisi ana mimba, hapaswi kuigusa kabisa. Mipira ya mikono ya lateksi haitoshi, kwani dawa inapita. Dai ya nitraili au vinaili, uivae kabla ya kufungua chupa na uitupe mara umalizapo. Ikikurukia ngozini, osha kwa sabuni na maji mengi papo hapo. Kabla ya kufikiria jambo jingine, pima mimba kesho. Kisha nenda kwa daktari wako mwenyewe, wa binadamu, umtajie jina la dawa na umwonyeshe picha ya karatasi iliyobandikwa kwenye chupa. Mkubwa wako akikwambia mipira ni gharama, niandikie tena.